Mafundi Wanafunzi na Amana ya Jirani

Mwaka jana, katika mwezi wa Mfungo Tatu, jeneza la msikiti wetu lilipasuka mti mmoja wa kubebea tukiwa njiani kwenda makaburini. Halikuanguka, kwa rehema za Mola, kwa sababu watu walikuwa wengi na mikono ilidaka upesi. Lakini waliokuwa mbele upande wa kulia walitokwa na jasho lisilokuwa la jua, na tuliporudi hapakuwa na mtu aliyezungumza habari nyingine. Jeneza lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko imamu. Lilikuwa limetiwa misumari juu ya misumari, na vipande vya bati, na kamba ya katani, kila kizazi kikiongeza kiraka chake na kukiachia kizazi kinachofuata.

Wazee wa msikiti wakakutana. Fundi wa kwanza tuliyemwendea alisema ana kazi ya vitanda vya hoteli, tumngoje miezi miwili. Fundi wa pili alitaja bei iliyomfanya mshika fedha wetu avue miwani, aifute, aivae tena, kisha aulize upya. Hapo ndipo kijana mmoja anayesomesha madrasa ya alasiri aliposema, "Kwani tusiwapelekee wale wanafunzi wa chuo cha ufundi ng'ambo ya daraja? Madawati ya watoto wetu ni wao waliotengeneza."

Mzee mmoja, ambaye namheshimu na kwa hivyo simtaji, alipiga bakora yake chini. "Jeneza la Waislamu likachezewe na watoto?"

Mimi ndimi niliyetumwa kwenda kuangalia kama watoto hao wanacheza ama hawachezi. Na ndugu msomaji, sikwenda mara moja. Nilirudi mara nyingi, hata bawabu wa pale akaacha kuniuliza nimekuja kwa nani.

Sisi watu wa pwani neno hili chuo tunalo tangu zamani kwa maana nyingine. Chuo ni kitabu, na chuoni ndiko kulikokuwa na maalim, ubao, wino na kiboko. Nilisoma katika chuo cha namna hiyo. Ada tuliyolipa ilikuwa kidogo, na iliyobaki tuliilipa kwa mikono: tulifagia, tukateka maji, na wakubwa wetu wakashona kofia zilizouzwa ili maalim naye apate kitu. Hatukuona kuwa ni kuonewa. Lakini kufagia hakukuwa somo. Somo lilikuwa msahafuni, na ufagio ulikuwa ufagio tu. Katika chuo hiki cha ng'ambo ya daraja mambo ni kinyume. Ufagio ndio somo lenyewe.

Ukiingia utakuta mabanda manne ya mabati, mwembe mmoja mkubwa, na kelele. Banda la kwanza ni la useremala, la pili la kuchomea vyuma, la tatu la umeme, la nne la ushonaji, na uashi hauna banda kwa kuwa waashi hawa kutwa wako nje wakijenga ukuta, wakiubomoa, wakiujenga tena. Vijana wenyewe ni wa miaka 16 hadi 20. Wengi wao, wazazi waliwaleta wakiwa na haya usoni, kama mtu anayepeleka mbuzi kilema sokoni, kwa sababu alama za mtihani hazikutosha kwenda kwingine. Maneno haya si yangu. Niliambiwa na mwalimu wa useremala, mtu mfupi mwenye penseli sikioni, ambaye naye aliletwa hivyo hivyo.

Juu ya meza ya ofisi pana daftari kubwa, na daftari hilo ndilo lililonifanya nirudi. Nililisoma kama mtu asomaye utenzi. Kiti cha kuegemea, mguu umevunjika. Cherehani ya Singer, haivuti uzi. Kanzu nne za watoto, kabla ya Idi. Feni, inanguruma. Geti la madrasa, bawaba. Pampu ya kisima cha msikiti, haipandishi maji. Kabati la bibi fulani, mchwa. Mtaa mzima ulikuwa mle ndani na maradhi yake yote. Mwenye kitu huja nacho, mwalimu hukitazama mbele ya wanafunzi na kuwauliza wao kwanza kina nini, kisha huandikwa bei ya vifaa na ujira mdogo. Mwenye kitu hutanguliza nusu. Kazi ikimalizika mwalimu huikagua, na asiporidhika huifumua mbele ya aliyeifanya.

Si kila kitu kinakwenda sawa, na sipendi kuandika kama mtu aliyelipwa kusifu. Lile geti la madrasa lilirudi mara mbili. Mara ya pili lilikuwa karibu kumwangukia mtoto. Na pembeni mwa banda la umeme pana rafu ya redio, pasi na mashine za kusagia ambazo wenyewe wamezisahau tangu zamani. Vijana walitia vifaa kwa fedha za chuo, wakatengeneza, wakangoja. Wapo pia watu wazima wenye ndevu zao wanaokuja na kusema, "Nimekuleteeni mjifunzie," maana yake wasilipe.

Basi turudi kwenye jeneza. Mwalimu aliwachagua wavulana wanne wa mwaka wa pili. Nilidhani wataanza kwa msumeno, lakini walianza kwa miguu. Walivuka daraja, wakalipima jeneza la zamani, wakapima mlango wa msikiti, kisha wakachukua fito ndefu wakaitembeza katika kichochoro chetu hadi barabara kuu, ili wajue urefu gani utapita kwenye ile kona ya nyumba ya ghorofa bila ya maiti kuinamishwa. Mimi nimepita na majeneza kwenye kona hiyo tangu ujana wangu, tukisukumana na kuambiana "kulia, kulia, rudi kidogo," na sikuwahi kufikiri kuwa ni jambo la kupimwa.

Pakaja suala la mbao. Mmoja alitaka mbambakofi kwa kuwa ni mgumu. Mwalimu akamwambia achukue bao moja la mbambakofi aliweke begani, azunguke mwembe mara tano. Alizunguka mara tatu. Wakakubaliana msaji kwa ile miti ya kubebea na mkangazi kwa fremu, ambao ni mwepesi. Viungo vikawa vya ulimi na tundu, yaani mbao moja inachongwa ulimi unaoingia katika tundu la mwenziwe, kwa gundi na vigingi vya mti. Msumari haukutumika, kwa sababu jeneza hupata maji, na hewa yetu ya bahari hula chuma kama mtoto alavyo kashata.

Walipomaliza mwalimu aliwatilia magunia ya mchanga juu yake, akawaambia wanafunzi wengine walibebe wazunguke uwanja wakikimbia. Mzunguko wa pili kiungo kimoja kililia. Ni mlio mdogo, mimi sikuusikia. Yeye aliusikia. Akachukua nyundo ya mti akakigonga kiungo kile mpaka kikaachana, akawaonyesha: ulimi ulichongwa mwembamba kwa unene wa kadi, na kijana aliyeuchonga alikuwa amejaza gundi ili pasionekane. Kijana aliinamisha kichwa. Akapewa mbao nyingine na siku tatu.

Nilimwuliza mwalimu kama hakuwa mkali mno. Alinijibu kwa maneno niliyoyaandika palepale: "Mzee, kiungo kile katika kazi ya darasani ningempa sita kwa kumi, na tungekitupa kwenye kuni. Lakini jeneza halina sita kwa kumi."

Hilo ndilo nililolielewa katika safari zangu zile. Kitu cha mazoezi ni cha mwalimu, na mwanafunzi hukifanya ili kumridhisha mwalimu. Kitu cha jirani ni amana, na kitatumika baada ya mwalimu kulala. Mikono hujifunza kwa namna mbili tofauti.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila ya kuliandikia daftari. Kijana aliyetaka kuchora milango ya nakshi, Lamu ama Mombasa, hakusomeshwa kwenye vipande vya kutupa. Alikaa na fundi miaka, akianza kwa kufagia vumbi la mbao na kunoa patasi, kisha akipewa pembe ya mlango isiyoonekana sana, na mlango ule ulikuwa wa mtu, aliyepita kila jioni kuutazama. Baadaye ulimwengu ukabadilika. Watu wa rika la baba yangu waliona fahari yao katika MIOME, chuo cha ufundi cha Waislamu hapa Mombasa, kilichojengwa kwa michango ya Aga Khan, ya Sultani wa Unguja Seyyid Khalifa bin Haroub, ya jamaa wa Kibohora na ya serikali ya Kiingereza, kikapokea wanafunzi mwaka 1951. Baada ya uhuru kilifungua milango kwa watu wa dini zote. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Tunakionea fahari hadi leo. Lakini chuo kikuu hakipokei kiti kilichovunjika mguu.

Vyuo vidogo kama hiki cha ng'ambo ya daraja nasaba yao ni nyingine. Mwaka 1966 baraza la makanisa ya Kikristo nchini lilitoa ripoti iliyouliza mtoto anayemaliza shule ya msingi bila ya nafasi ya sekondari anakwenda wapi, na kuanzia mwaka 1968 vikaanzishwa vyuo vya vijijini vya kumfunza kazi ambazo kijiji chenyewe kina haja nazo, tena kwa kuzifanya: nyumba za watu zikajengwa, sare za shule zikashonwa. Serikali ikaliunga mkono wazo hilo, na Katiba ya mwaka 2010 ikavitia vyuo hivyo mikononi mwa kaunti. Kwamba wazo lilitoka kwa majirani wa dini nyingine si jambo la kuona haya. Haya ni kulipokea wazo la watu halafu kuliacha lichakae.

Kuna jambo jingine nililoliona, na nadhani waliobuni vyuo hivi hawakulifikiri. Jirani yetu mmoja alifiwa na mumewe, akakaa eda. Wanawe wa kiume wawili wako Ghuba kikazi. Siku ya ishirini hivi ya eda, taa za vyumba viwili zilizimika, na soketi ya jikoni ikaanza kunuka moshi. Nduguye alitaka kuleta fundi wa umeme, naye akakataa katakata. "Mume wangu hata arubaini hajatimiza, niingiliwe mpaka chumbani na mwanamume nisiyemjua?" Mimi si mtu wa kufutu, na najua kuwa darura ina mlango wake. Lakini mwanamke aliye katika eda na anayeogopa moto usiku, hali yake si ya kuulizwa kitabuni tu.

Nikalikumbuka lile banda la tatu. Kesho yake walikuja wasichana wawili wamevaa ovaroli za buluu chini ya buibui, na mwalimu wao mwanamume. Mwalimu hakuingia. Alisimama dakani, uso ameuelekeza barabarani, akawasomesha kwa sauti.

"Umezima swichi kubwa?"

"Nimezima, mwalimu."

"Umehakikisha kwa testa?"

"Haiwaki, mwalimu."

"Basi fungua soketi, uniambie unaona nini."

Wapita njia walidhani mtu yule ana wazimu, anazungumza na mlango. Ndani, wasichana walikuta waya umelegea na kuungua, na ganda la waya nyingine limekauka na kupasuka kwa uzee. Walibadilisha soketi na swichi moja, wakaunga upya, wakajaribu, taa zikawaka. Hawakugusa upande wa mita, huo ni wa kampuni ya umeme. Na waliporudi dakani walimwambia mwalimu kuwa waya zilizo ukutani zote hazifai, zinataka fundi mwenye leseni eda itakapokwisha. Hawakujitia kujua wasiyoyajua, na hilo nalo ni somo ambalo mafundi wengi wazima limewapita.

Yule mama aliwaambia maneno mawili tu: "Wanangu, mmenisitiri." Akalipa kilichoandikwa, akawapa kila mmoja leso mpya. Niliambiwa kuwa ofisini ilizuka mushkeli, kwa kuwa daftari halikuwa na safu ya kuandikia leso.

Sasa nije kwenye jambo lililonikera, na ambalo limenifanya niandike.

Karibu na langoni pa chuo, chini ya mkungu, yupo fundi wa vitanda ambaye ana zaidi ya miaka 30 mahali pale. Nilikwenda kumwamkia, nikatarajia atawasifu majirani zake. Akaweka randa chini. "Mimi nalipa kodi ya kibanda. Nalipa leseni ya kaunti. Nanunua umeme, nina watoto wa kulisha. Wao banda ni la serikali, na mikono ile haipewi kitu. Niambie, ustadhi, nitashindana vipi na mkono usiolipwa?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi ofisini nikaomba kuiona hati ya jeneza letu. Mbao, kiasi fulani. Gundi, msasa, vanishi, kiasi fulani. Mstari wa mwisho: ujira, shilingi 4,000. Nikawauliza wale vijana wanne wamepata ngapi. Walitazamana. Walikuwa wamekunywa chai.

Mkuu wa chuo si mtu mbaya. Alinieleza kwa upole kuwa ujira huo huingia katika mfuko wa chuo, hununuliwa mbao za mazoezi, na huziba pengo la karo za wasioweza kulipa. Yote hayo ni kweli, nimeyaona. Lakini neno ujira lina mwenyewe. Fedha zikiitwa mchango wa chuo, mimi mteja nijue natoa mchango. Zikiitwa ujira, basi ni za aliyetoka jasho, na habari ya mtu huyo na jasho lake kila mtoto aliyesoma chuoni anaijua, sina haja ya kuirudia hapa. Tena mkono usiolipwa hudhulumu watu wawili kwa mara moja: mwenye mkono, na yule fundi wa chini ya mkungu anayelipa mikono yake. Kijana akipewa sehemu yake, bei ya chuo itapanda kidogo na kusogea karibu na bei ya soko, na kelele za langoni zitapungua. Wala si lazima chuo kishindanie vitanda na makabati ya harusi. Kazi za misikiti, madrasa, wajane na wazee ambao fundi wa soko hana nafasi nao zinatosha kulijaza lile daftari.

Jeneza lililetwa msikitini siku ya Alhamisi baada ya laasiri. Watu walilizunguka. Yule mzee wa bakora alikuja, akaliinua upande mmoja, akapitisha kidole kwenye viungo, akalipigapiga. Hakusema zuri wala baya. Kisha akauliza, "Waliolifanya wamelipwa?"

Mshika fedha akasema chuo kimelipwa chote.

"Sikuuliza chuo. Nimeuliza waliolifanya."

Ikabidi nieleze. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akageuka kwa imamu. "Jeneza hili halitiwi ndani. Mimi siku yangu ikifika sibebwi juu ya jasho la mtoto wa mtu ambaye hakulipwa." Na jeneza likalala nje, ukumbini, usiku ule. Kesho yake baada ya swala ya Ijumaa pakapitishwa kofia, zikapatikana shilingi 4,000 nyingine na ziada, na mshika fedha akavuka daraja mwenyewe siku ya Jumatatu akampa kila kijana fungu lake mkononi. Mkuu wa chuo aliahidi kuwa suala la sehemu ya wanafunzi atalifikisha kwa bodi. Hadi leo ninapoandika, bodi haijajibu. Yule fundi wa chini ya mkungu amemchukua kijana mmoja wa wale wanne siku za likizo, anampa posho ya kila siku, na anasema mkono wake si mbaya.

Haikupita wiki mbili jeneza likapata kazi. Tulikuwa tumeshatoka msikitini, tunakaribia ile kona, nilipomwona mbele yangu kijana aliyechonga ulimi mwembamba. Marehemu hakumjua wala hakuwa jamaa yake. Mtu wa madrasa alimpigia simu, naye akapanda matatu akaja. Alipokea bega kwa zamu kama watu wengine, akapokewa, lakini hakurudi nyuma. Aliandamana na jeneza ubavuni njia nzima, kichwa amekiinamisha upande. Tulipokwisha kuzika nilimsogelea, nikamwambia Mungu amlipe kwa kuja.

Akaona haya kidogo. "Nisamehe, mzee. Sikuwa nikimwombea maiti vizuri. Nilikuwa nasikiliza kile kiungo."

Nikamwuliza kilikuwaje.

"Hakikulia," akasema. "Hata pale konani."